Nafasi ya Kamau katika darasa la kemia

Nimeficha jambo hili tangu shule ya sekondari, miaka ya hamsini, na sitaki kufa nalo.

Leo mjukuu wangu alikuja hapa Hurlingham na fomu ya kuchagua masomo.

"Guka, wewe kemia ulichaguaje?"

"Niliipenda tu."

"Basi naichagua. Nikifeli, nitakusingizia wewe."

Akaenda zake. Nimebaki na chai iliyopoa.

Mwaka ule darasa la kemia lilikuwa limebakiza nafasi moja. Rafiki yangu Kamau, aliyetaka sana udaktari, alikwenda kumzika mama yake, akaniomba nimwandikishe.

Alizeeka akiwa karani mjini, akiamini mwalimu alimkataa. Mimi ndiye niliyekuwa daktari wake hadi alipofariki.

Tafadhali msinifariji.

Mwalimu alipouliza, nilisema Kamau hataki sayansi, nikaandika jina langu.