Siku Pafu Langu Lilipovuja

Sasa, watu wangu? Kwa wale hawanijui, mimi ni Nekesa, msusi wa Kawangware. Naishi na mamangu mtaa wa Lindi, hapa Kibera. Nina miaka ishirini na tatu, na nikianza kuongea sinyamazi, kwa hivyo mnivumilie.

Kabla nigonjeke nilikuwa na nguvu. Nasuka nikisimama kutwa nzima, mdomo haufungwi. Sigara nilizichukia. Halafu Adhiambo, rafiki yangu wa saluni, akaniletea vape, ile sigara ya umeme, ya ladha ya stroberi.

"Hii haina moto, haina majivu," akasema. "Ni mvuke tu."

Nikaonja. Tamu! Baada ya miezi michache nilikuwa nikiamka, naitafuta chini ya mto kabla nitafute slipa.

Kikohozi kikaanza. Kikavu kwanza, halafu makohozi mazito ya kijivu. Nikipanda ngazi za saluni, moyo unadunda mpaka kwa masikio. Mama akiuliza, nasema ni vumbi.

Jumamosi moja asubuhi nilikuwa namtengeneza bibi harusi, Joyce. Nilitoka nje kidogo nikavuta mara tatu, kwa nguvu. Niliporudi, kitu kikanichoma kifuani upande wa kulia kama kisu. Hewa haiingii.

Joyce aliniona kwa kioo. "Wewe! Midomo yako imekuwa ya bluu!"

Akaruka na rola zake kichwani, akasimamisha bodaboda, akapanda nyuma yangu na kunishikilia hadi hospitalini.

Eksirei ilionyesha pafu limesinyaa. "Limetoboka, hewa inavuja," daktari akasema. "Unavuta chochote?"

Mama alikuwa ameshafika, amesimama hapo. Nikasema hapana.

"Dada, mimi si polisi. Nataka kukutibu."

Nikalia, nikasema yote. Nilingoja mama anigombeze. Alinishika mguu tu. "Sasa tumejua. Daktari, mtibu mtoto wangu."

Walinidunga sindano ya ganzi, wakapitisha mpira katikati ya mbavu. Niliusikia ukisukumwa ndani. Mwisho wake ulikuwa kwenye chupa ya maji, na hewa yangu ikitoka huko kwa mapovu kama chai inayochemka.

Jumapili Joyce akaja na mumewe, wamebeba keki ya harusi!

"Nilichelewa kanisani, na nusu ya kichwa haijachanwa," akasema. "Lakini huyu alikuwa bado amesimama pale mbele."

Wodi nzima ilicheka. Mimi kucheka kuliniuma hadi machozi, na sikuacha.

Siku ya sita mapovu yakaisha. Pafu limejaa! Mama alicheza katikati ya vitanda, nesi akaungana naye.

Kuacha vape ndiyo ilikuwa kazi. Niligombana na kila mtu, nikatafuna njugu kama panya. Mshauri wa kliniki alinishika mkono. Adhiambo naye, baada ya kuuona ule mpira, akaacha. Leo ni miezi minane, na tunapanda hadi mtaa wa Olympic, kule juu Kibera, kwa miguu tukipiga domo njia yote.

Namshukuru Mungu, madaktari, mama na Joyce. Vijana wenzangu, utamu wa stroberi hauondoi sumu. Kama hujaanza, usionje. Kama umeanza, usione haya, kuna watu wa kukusaidia kuacha. Kifua kikibana, enda hospitali siku hiyo hiyo. Daktari akikuuliza, mwambie ukweli wote. Na kama unaweza, mwambie kabla mama yako afike.