Mwenye Nyumba Alilala Jikoni

Mama aliyetupangisha nyumba mjini Baraka, kando ya ziwa, alikuwa mjane, muuza mawese. Katika parsele yake, yaani kiwanja chake, kulikuwa na nyumba mbili: kubwa alikaa yeye, ndogo tukakaa sisi. Hatukuandikiana kitu. Tulikubaliana uani mwake mbele ya shefu wa kartye, mkubwa wa mtaa, tukatoa garanti, pesa za dhamana, akanikabidhi ufunguo mkononi.

Vita vilipofika, kila mtu alikimbia kivyake. Yeye alivuka ziwa hadi kambini Tanzania. Sisi tulijificha milimani juu ya Lweba, tukarudi mapema kwa sababu bwana yangu alikuwa muuguzi na kituo cha afya kilikuwa kimefunguliwa tena. Tulikuta nyumba kubwa imechomwa, zimebaki kuta nyeusi. Yetu ilikuwa imesimama, ila mabati yalikuwa yameibwa. Bwana yangu akaiezeka kwa nyasi, tukaendelea kukaa. Hapakuwa na wa kutudai kodi.

Mama yule alirudi siku moja mchana, ameshika mkono wa mjukuu wake, msichana mdogo ambaye mama yake alifia kambini. Alizitazama zile kuta, kisha akaja mlangoni kwangu.

“Mwanangu, mungali hai! Mungu asifiwe.”

Niliwapa ugali wa bukari na mboga ya sombe. Walipomaliza kula akaniambia kwa sauti ya chini, kama mtu anayeomba chumvi, “Mutanisamehe. Niko naomba nyumba yangu. Sina pengine pa kulaza huyu mutoto.”

Nilimjibu amngoje baba mwenye nyumba. Ndivyo nilivyosema, “baba mwenye nyumba,” mbele ya mwenye nyumba mwenyewe.

Bwana yangu aliporudi kazini alimsikiliza vizuri, kwa heshima. “Mama, hakuna mwenye anakataa kama nyumba ni yako. Lakini mupangaji iko na haki yake. Sheria inasema tupewe preavi, tujulishwe miezi tatu mbele ya kutoka. Muke wangu iko na mimba kubwa. Tutaenda wapi?”

Kweli hatukuwa na pa kwenda. Mji ulikuwa umejaa watu waliorudi, na nyumba zenye paa zilihesabika.

Asubuhi tulikwenda kwa shefu. Alikuwa anakumbuka makubaliano yetu neno kwa neno. “Vita haikuvunja masikilizano yenu,” akamwambia yule mama. “Uwape miezi yao.”

“Na mimi, papa shefu? Mimi nani atanipa miezi?”

Shefu aliangalia chini. “Nikivunja sheria kwako leo, kesho kila mwenye nyumba atatupa watu njiani.”

Hakukosea. Hata leo siwezi kusema alikosea, na hilo ndilo linaloniuma.

Basi mwenye nyumba akahamia jikoni, kibanda cha udongo nyuma ya nyumba, kisicho na dirisha. Jiko lilikuwa lile lile moja. Kila alfajiri nilipokwenda kuwasha moto nilimkuta amekwisha kukunja mkeka ili nipite. Alitoka nje na mtoto, wakajibanza ukutani kwetu hadi moshi upungue. Zilikuwa siku za mvua. Mtoto alikohoa, nami nilipika haraka haraka bila kuinua macho.

Nilimwambia bwana yangu mara moja tu, “Tuwape hata kile chumba cha mbele.”

“Ukimupa kimoja, kesho bandugu yake wanafika. We utazalia wapi?”

Sikubishana naye. Nilipenda kufunga mlango wangu na kusikia mvua ikiwa nje.

Uchungu ulinishika mchana, bwana yangu akiwa kazini. Niliita, na aliyeitika ni yeye. Aliingia ndani ya nyumba yake kwa mara ya kwanza tangu arudi, akavua kandambili mlangoni kama mgeni. Alichemsha maji, akanishika mgongo, akanikemea nilipotaka kukata tamaa: “Sukuma, mwanangu! Usilale!” Mtoto alipolia alimwosha, akamfunga kwa kitenge chake mwenyewe, akaniwekea kifuani. Kisha akazoa damu kwa majivu, akapangusa sakafu, akatoka. Nilimsikia akitandika mkeka jikoni. Neno “baki” lilinifika mdomoni, nikalimeza.

Bwana yangu alipojua yaliyotokea aliona haya. Alikwenda mwenyewe jikoni kumwomba aingie ndani na mjukuu wake.

“Hapana, mutoto wangu,” alijibu. “Shefu alisha kusema. Tufuate vile alisema. Miezi ikiisha, na mimi nitachukua nyumba yangu yote.”

Na ndivyo alivyofanya. Siku ilipotimia alisimama mlangoni, akasema, “Ni leo.” Alinisaidia kubeba sufuria hadi barabarani. Tulikwenda Nundu kwa shangazi wa bwana yangu, tukalala watu wengi chumba kimoja, na hakuna aliyetulalamikia.

Nimepanga nyumba nyingi tangu hapo. Wanawake wanaofukuzwa na wenye nyumba huja kuniuliza, kwa kuwa wanajua niliwahi kushinda mbele ya shefu. Nawaambia wadai miezi yao, ni haki yao. Wakitaka kujua yangu iliishaje, nawaambia tulihama kwa amani, kisha nainuka kutafuta kazi ya mikono, wasiniulize zaidi.