Arabuni ya Bi Khole

Saa moja ya asubuhi, mwezi wa Mei 2004, joto la Muscat limeshaanza, na ndani ya chumba cha dobi cha hospitali hii ndiyo usiseme. Bi Khole anakunjua shuka, anaipitisha kwenye pasi kubwa ya mvuke, anaikunja. Kisha anasimama kidogo, mkono umeshika goti.

“Mie miguu imeshanishinda,” anasema. “Lakini nkikaa, nitakula nini?”

Ana miaka hamsini na sita. Alizaliwa Unguja, na kwa miaka kumi na tisa amepiga pasi hapa, sasa kwa riali 150 kwa mwezi. Analala Darsait, sebuleni kwa mtoto wa dada yake. Anachokitaka ni vyumba viwili kwenye kiwanja cha dada huyo, Mahbuba, huko Sib, na kukaa kitako.

Vyumba hivyo vimo ndani ya hisa 2,000 za kampuni moja ya kusaga unga. Alizinunua mwaka 1995, baada ya kuuza bangili zake na kuchanganya na alichoacha marehemu mumewe.

Wengi wetu tunaijua arabuni kwenye nyumba na viwanja. Bi Khole anaipokea kwenye hisa. Bader, mfanyabiashara wa Ruwi ambaye mama yake alikuwa jirani wa Bi Khole Unguja, humpa fedha kidogo, na kwa fedha hiyo anapata haki ya kuzinunua hisa kwa bei waliyopatana, ndani ya miezi mitatu. Asipozinunua, hisa zinabaki kwa mwenyewe, na arabuni hairudi.

Mwaka 1997 hisa moja ilikuwa riali tano. Bader alitoa arabuni ya riali 500 kwa bei ya sita. Bei haikufika, hakuja.

“Nkanunua friji,” anakumbuka Bi Khole. Akapewa tena, akala tena. Nani angekataa?

Mara ya tatu, mwanzoni mwa 1998, soko likapanda kama limerogwa. Hisa ikafika riali nane, na Bader akaja kuzichukua kwa sita, kama walivyopatana.

“Roho iliniuma, wallahi. Nkamlilia. Nkamwambia, mwanangu, kwa haki ya mama yako, niwachie.”

Bader akaona haya. Akachukua arabuni yake, akaenda zake. Kabla mwaka haujesha soko likaanguka, na hisa ikawa riali moja na nusu.

Nakiri kwamba nilitaka kumlaumu Bader kwa upole wake. Mwenyewe hajitetei sana.

“Arabuni inamfaa mtu ambaye mali anayo, na bei ile ikifika yuko radhi kuiwacha,” aliniambia. “Bi Khole alikuwa radhi na arabuni tu. Na bei ikianguka haimkingi mtu, inampunguzia machungu kidogo.”

“Kweli kasema,” anajibu Bi Khole, na kuvuta shuka nyingine.

Miaka sita amevuta shuka, akingoja hisa zipande. Februari hii Bader alimpa arabuni ya riali 300 kwa bei ya nne. Muda unakwisha leo, Jumatano, na jana soko lilifungwa hisa ikiwa riali nne na nusu. Kwa bei ya nne atapata riali 8,000. Fundi wa Sib anataka 7,000.

Saa nne Bader anaingia na bahasha.

“Shikamoo, Bi Khole.”

“Marahaba, mwanangu.”

Anasita mlangoni. “Imefika nne na nusu. Watu wanasema itapanda zaidi. Ukitaka, n'takuwachia.”

Bi Khole anazima pasi. Anajikalisha juu ya rundo la shuka, kitu ambacho tangu asubuhi sijamwona akikifanya, na uso wake umechoka kweli.

“Mara ile ulinionea huruma, Bader, nkasimama miaka sita,” anasema. “Leo usinionee. Lete karatasi nitie saini.”