Sifuri ya Orrin Tveit

Wasaka namba tasa wana kanuni: usitangaze namba uliyoipata mpaka mashine ya mtu mwingine, kwa programu nyingine, iithibitishe. Anayetangaza mapema huondolewa kundini na kazi yake haihesabiwi. Kanuni ni kali, na inastahili kuwa kali. Namba hizi zina tarakimu mamilioni. Hakuna jicho la binadamu liwezalo kuzikagua.

Orrin Tveit, mwalimu mstaafu wa hesabu mjini Bemidji, kaskazini mwa Marekani, aliishika kanuni hiyo miaka kumi na mmoja. Kompyuta yake ilikaa chumba cha chini ya nyumba, ikichukua mbili, ikiizidisha kwa yenyewe mara mamilioni, ikitoa moja, kisha ikipima kama namba iliyopatikana inagawanyika. Kila kipimo kilikula majuma, na kila kimoja kiliacha baki. Kipimo hiki si kugawanya kwa kawaida: hapa baki ikiwa sifuri, namba ni tasa, yaani haigawanyiki ila kwa moja na kwa yenyewe. Mkewe, Marlys, alianika soksi juu ya mashine kwa sababu ilitoa joto zuri.

Februari moja ikaja sifuri.

Orrin alirudia hesabu kuanzia pale mashine ilipohifadhi kazi mara ya mwisho. Sifuri tena. Akapeleka matokeo kwa Wendell Pruitt, msimamizi wa kundi, akaambiwa asubiri kimya.

Jumapili, kwenye kahawa baada ya ibada, Gaylord Skaar, fundi bomba, akamwanza kama kawaida yake.

"Mwalimu, bado unafuga kompyuta? Inataga lini?"

Watu wakacheka.

"Mwache mume wangu," akasema Marlys. "Yake angalau haivuji kama mabomba yako."

"Shemeji, mabomba yangu yanaleta maji. Yeye kaleta nini?"

Orrin angeweza kunyamaza, alikwisha kuzoea. Lakini aliweka kikombe chini.

"Imeshataga," akasema. "Namba tasa kubwa kuliko zote zinazojulikana duniani."

Ukumbi ukapiga makofi. Mhariri wa gazeti la mji alikuwa palepale anakula keki, na Jumatano habari ikatoka.

Ijumaa Wendell akapiga simu.

"Mzee Orrin, mashine mbili zimeikataa. Si tasa. Ulirudia tangu mwanzo?"

"Kuanzia pale ilipohifadhi."

"Basi kosa lilikuwa limeshahifadhiwa humo humo! Umemhoji shahidi yule yule mara mbili, mzee wangu."

"Naona sasa."

"Na lile gazeti?"

"Nilisema mwenyewe. Hakuna aliyenivuta ulimi."

Hapo alisema kweli. Mzaha wa fundi bomba haumlazimishi mtu mzima kuvunja ahadi.

Jina la Orrin liliondolewa kundini wiki hiyo. Vipimo vyote vya miaka kumi na mmoja vilifutwa, vikagawiwa watu wengine wavianze upya.