Masikio ya Bibi Nuna

Picha ya farasi ni masikio. Mengine yote mtu atayapata akijitahidi: miguu minne ionekane, shingo isimame, mkia utulie. Lakini masikio yakilegea, hata bingwa wa mbio ataonekana kama mtu aliyetoka kugombana na mkwewe. Yakisimama na kuelekea mbele, basi, hata punda wa kubeba maji anapendeza.

Haya nilifundishwa na marehemu Mzee Kwato. Wapanda farasi walimbandika jina hilo kwa sababu viatu vyake vilisikika kabla yeye hajaonekana. Niliingia studio yake kufagia, nikaishia kubeba kamera. Alikuwa mcheshi na mkali kwa pamoja. Ukikimbilia kamera kabla ya kumtazama mnyama, hapo hapo unalo: "Binti, una haraka ya kwenda wapi? Yeye ndiye anakupiga picha kwanza. Mwache amalize." Kisha anapindua ndoo, anaikalia, anamtazama farasi kama mtu anayeposa. Nilimpenda mzee yule kama baba, na sioni haya kusema hivyo.

Alipofariki, studio ilibaki kwa mkewe, ambaye namwita Mama. Mama hana ubaya, ila subira hana. Fundi cherehani wa jirani alikuwa anakimezea mate chumba kile, na wateja wa mzee walikuwa wamepotea mmoja mmoja.

"Mwanangu," aliniambia, "watu wa farasi walikuwa wanamfuata yeye. Wewe hawakujui. Usipopata kazi ya maana wiki hii, nampa fundi chumba. Usininunie."

Kazi ya maana ilikuwa moja tu. Tajiri mmoja mwenye mazizi makubwa alikuwa na farasi jike wa rangi ya kahawia, mshindi wa mbio, ambaye hakuna aliyewahi kumpata masikio mbele. Alikuwa amenunuliwa baada ya mzee kufariki, na wapiga picha wote waliomjaribu waliambulia patupu. Watunza farasi walimwita Bibi Nuna. Tajiri alikuwa ametangaza kwamba atakayempiga Bibi Nuna picha inayoeleweka, ndiye atakayewapiga farasi wake wote. Nikapiga moyo konde, nikabeba kamera ya mzee, nikaenda.

Bibi Nuna alitolewa uani, kang'arishwa mpaka unaweza kujitazama ubavuni mwake. Alinikagua kutoka juu hadi chini, masikio yamelala pembeni. Mimi nikaanza vituko vya kazi yetu. Nilitikisa kopo la mahindi. Nilipiga mluzi. Nilikunjakunja mfuko wa plastiki, dawa ambayo huwa haikosei. Mwishowe nikalia kama farasi, kwa sauti yangu yote, mpaka farasi waliokuwa mazizini wakanijibu wote kwa pamoja. Mtunza farasi alicheka hadi akashika mbavu. Bibi Nuna hakutikisa hata unywele.

Tajiri alikuwa ameegemea ukuta, mikono kifuani. "Dada, si tuseme tu imeshindikana? Huyu ana maringo. Wenzako nao walipiga kelele hizo hizo."

Damu ilinichemka. Kilichoniuma zaidi ni kwamba alisema kweli: kelele hizo hizo. Nikaweka kamera chini, nikapindua ndoo, nikakaa. Tajiri akamtazama mtunza farasi, mtunza farasi akatazama juu. Wangejuaje kwamba nilikuwa nimemkumbuka mzee na ndoo yake?

Nimekaa hapo, namtazama Bibi Nuna, naye ananitazama, mara nyuma yake beseni la bati likaanguka kutoka ukutani. Kishindo chake kilikuwa cha kufukuza majini. Farasi wa mazizini waliruka wakapiga mateke milango. Tajiri mwenyewe alishtuka akakanyaga maji. Bibi Nuna aliendelea kunitazama.

"Ndivyo alivyo, bosi," alisema mtunza farasi. "Roho ngumu, hashtuki kitu."

Nikasimama. Nikaenda nyuma yake, mbali na mateke, mahali ambapo hawezi kuniona, nikapiga makofi kwa nguvu. Kimya. Nikarudi mbele nikapunga kitambaa changu juu, bila kutoa sauti. Sikio moja likacheza.

"Bosi," nilisema, "huyu hana maringo. Hasikii."

Mtunza farasi alijishika kichwa. "Maskini! Ndiyo maana kila mbio anachelewa kutoka! Geti linalia, yeye amesimama. Anaondoka akishaona wenzake wameondoka!"

"Na bado anawapita," alisema tajiri polepole. Alimwendea farasi wake, akamshika shingo. "Siku zote tunakutukana, mama wee. Utusamehe."

"Anapenda kuona nini?" nilimuuliza mtunza farasi.

Hakufikiri hata kidogo. "Mbuzi wake. Wanalala pamoja. Wakitenganishwa, huyu hali chakula."

Mbuzi akapelekwa nyuma ya ghala, upande wa pili wa ua. Nilipiga goti, nikashusha pumzi, nikainua mkono kama ishara. Mbuzi akatokea pale kwenye kona, mchafu, jani linaning'inia mdomoni.

Bibi Nuna aliinuka! Sijui niseme vipi. Shingo ilipanda, macho yakawaka, pua zikatanuka, na masikio yale yaliyolala maisha yake yote yakasimama wima, ncha zikikaribia kugusana. Alikuwa amezaliwa upya mbele yangu. Nilipiga picha huku nacheka na machozi yananitoka. Nilijua nimempata kabla sijaitazama picha. Nilirusha kofia juu, nikazunguka ua mzima nikipiga vigelegele, na aliyekuwa na la kusema aseme.

Tajiri aliitazama kwenye kioo cha kamera, akaitazama tena. "Njoo Jumatatu," alisema. "Tutaanza na madume."

Niliisafisha picha ile kubwa, kubwa kabisa, nikaingia nayo studio nimeikumbatia. Fundi cherehani alikuwa ndani tayari, amepiga magoti anapima sakafu. Mama ameshika upande wa pili wa futi yake. Sikusalimia. Niliisimamisha picha juu ya kaunta, nikasogea pembeni.

Mama aliisogelea. Alianza na miguu, moja, mbili, tatu, nne, kama mumewe alivyokuwa akikagua. Akapanda shingo. Alipofika kwenye masikio alitoa sauti ndogo, akaweka kiganja mdomoni. Kisha akaachia futi, ikajikunja yenyewe mpaka miguuni kwa fundi.

"Inuka, fundi," alisema. "Samahani kwa kukuchafua magoti. Chumba hiki kina mpiga picha."