AC Ilikuwa Inampoza Nani?

Nilikuwa kaunta ya lodge moja ndogo ya Mikindani, nimepeleka CV as usual, aliposhuka ngazi mgeni mmoja anatiririka jasho. Alikuwa ametoka mjini akakuta chumba chake kina joto kali.

"Nani kazima AC yangu? Niliiacha makusudi, nirudi nikute baridi!"

Mama mwenye lodge alikuwa anakunja mataulo. Hakuacha kukunja.

"Nimezima mimi, baba. Ilikuwa inampoza nani?"

"Mama, nimelipia!"

"Umelipia kulala. Na bomba la bafuni uliliacha linamwaga, nimelifunga. Maji hayo naletewa na gari la boza, kwa pesa."

"Basi nahama na wenzangu wote. Vyumba vinne, leo hii!"

Lodge nzima ina vyumba sita, na msimu huu wageni ni wa kutafuta kwa tochi. Honestly, mimi ningemwashia AC na bado ningempepea. Interview zimenifundisha kusema "yes, boss" kabla sijaulizwa. Mama akaweka taulo chini, akamtazama usoni kwa upole.

"Sawa, baba. Mkitoka, mzime na taa."

Mgeni akajifuta jasho. Akalitazama jua la nje, akazitazama ngazi.

"Hiyo AC," akauliza taratibu, "nikiiwasha sasa inachukua muda gani kupoza?"

"Ukifunga dirisha, baba, haichelewi."

Nchi hii ina ofisi ngapi ambazo AC inapoza viti vitupu tangu asubuhi? Huyu mama apelekwe huko, please, hata kwa wiki moja.