Wifi Anataka Upasuaji Kama Wangu, Mama Mkwe Ananifungia Mlango

Admin, jina langu lifiche, mengine yaache kama nilivyoandika. Nina miaka 38, ni fundi cherehani hapa Shanwe, Mpanda. Nimeolewa na Msukuma, tuna mapacha.

Nilikuwa mnene hadi kuinuka kitandani ni kazi, na sukari ilipanda nikawa wa kujichoma sindano kila siku. Wifi yangu, dada wa mume wangu, naye alikuwa mnene vilevile. Mwaka juzi tukaenda Dar pamoja kufanyiwa upasuaji. Yeye daktari alimshauri akatwe sehemu ya mfuko wa chakula tumboni, basi. Mimi kwa ajili ya sukari akasema bora mfuko huo ufanywe mdogo na utumbo uunganishwe upya, ila vitamini nitameza maisha yangu yote. Tukakubali.

Nikapungua sana, sindano nikaachishwa. Wifi alipungua kiasi, lakini akapata kiungulia kibaya, analala ameegemea mito kwa sababu chakula kinamrudi kooni.

Ukweni Mwamkulu hayo hawayaoni. Wanaona yeye bado ana mwili, mimi nimeisha. Wakanong'ona nina ngoma, eti UKIMWI. Mama mkwe alimwambia mume wangu nikiwa nimekaa palepale kwamba ng'ombe walitolewa kwa mwanamke mwenye afya, siyo huyu, atafute mwingine. Mume akaangalia chini. Iliniuma, ila sikulia. Nilimaliza matonge yangu machache, nikanawa, nikaaga.

Sasa daktari amemwambia wifi kiungulia kile kinaweza kuisha akifanyiwa kama mimi. Ameniomba nimsindikize. Mama mkwe kusikia, akanipigia simu.

"Mama Kulwa, ukimpeleka mwanangu akarudi kama wewe, kwangu usikanyage tena."

Nikamjibu, "Mama, shikamoo yangu utaipata hata tukikutana njiani. Ila huyu anateseka, nitampeleka."

Sisemi ni muujiza. Nywele zilinyonyoka, na nikijisahau nikanywa soda natetemeka hadi nilale. Lakini leo naendesha baiskeli hadi Kakese kupeleka nguo za wateja. Sitanenepa ili watu wa Mwamkulu wafurahi.

Mume anasema tusubiri mama apoe. Wifi kasema hawezi kusubiri, na Jumatatu tunaondoka.

Kwenda nitakwenda, hilo msinishauri. Nishaurini hili moja jamani: mwanaume anayenyamaza mkewe akitukanwa, nikirudi nikamkuta, nimfanye nini?